Moto Uliobaki Jikoni

Liège, Ubelgiji, 10 Novemba 1963

Bibi yangu Kadidja,

Salaam alaikum. Mjukuu wako ni mzima, ila vidole vya miguu sijavihisi tangu mwezi wa kumi. Goti lako je, bado linatabiri mvua? Dada yangu Nyota na watoto wake hawajambo? Ningekuomba umsalimie na mume wake Cyprien, lakini najua akikuona njiani anaruka mtaro na kujificha nyuma ya nyumba za watu. Kwao Yanonge mwanamume haonani uso kwa uso na mama wa mkewe, na kwa kuwa wewe ndiye uliyetulea mimi na Nyota baada ya mama kufariki, basi anakukimbia wewe. Mwambie Nyota amwambie nimemsalimu.

Bibi, juzi nimepigana na profesa. Si kwa ngumi, usishike kichwa. Tulikuwa katika somo la jinsi viumbe vinavyobadilika vizazi hata vizazi. Fundisho lenyewe si gumu: kiumbe kinachoacha wazao wengi walio hai, tabia zake zinabaki duniani, kisichoacha, tabia zake zinakwisha pamoja naye. Basi profesa akatoa swali ambalo wataalamu bado wanaligombania. Mbuzi anazaa mpaka karibu na kufa, na nyani hali kadhalika. Kwa nini mwanamke anaacha kuzaa, kisha anaendelea kuishi miaka mingi? Nani anafaidika?

Jibu lake ni kwamba hakuna anayefaidika. Alisema mwanamke mzee ni moto uliobaki jikoni baada ya chakula kuiva: unawaka kwa sababu tu hakuna aliyeuzima.

Nikasimama. Nikasema mimi nimelelewa na moto huo. Nikasema labda mwanamke anayeacha kuzaa kwa wakati wake, akatia nguvu zake kwa watoto wa binti yake, anaacha wazao wengi kuliko yule anayekufa akijifungua kitinda mimba wake. Darasa zima likacheka. Profesa hakucheka, alifanya kibaya zaidi. Alisema, "Thibitisha." Sasa hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho ya masomo. Nikishindwa kuitetea mbele ya walimu, shahada hakuna, na yale maneno yake ya moto yatabaki bila mtu wa kuyapinga.

Nisaidie. Waulize akina mama wa huko kwetu Mangobo: kila mmoja ana watoto wangapi, wangapi wamekufa, na je, bibi wa watoto analala humo nyumbani?

Mjukuu wako,
Abdulhamid


Kisangani, 15 Desemba 1963

Mume wangu Abdulhamid,

Wa alaikum salaam. Goti linauma na mvua inanyesha, kwa hiyo kila kitu kiko mahali pake. Nyota hajambo, wanawe wanakula vizuri. Wewe vaa soksi mbili. Kama hao wazungu hawajakufundisha hata hilo, wanakufundisha nini?

Nimesikia mnasema huko kwamba mtu na nyani ni ndugu. Sibishani. Marehemu babu yako alikuwa na nywele mpaka mgongoni, na nilimpenda hivyo hivyo.

Sasa hilo ombi lako. Umesahau ulikozaliwa? Watoto hawahesabiwi! Ukiwahesabu unawaonyesha wabaya njia ya kuwafikia. Mimi kwa kukupenda nimekwenda kwa jirani yangu Mwanahamisi, nikamwuliza, "Uko na batoto bangapi?" Alinitazama kama nimeingia kuiba sufuria. "Mama Kadidja," akasema, "uchawi unaanza na uzee huu?" Nikarudi nyumbani na aibu yangu, sikulala vizuri.

Lakini nimefikiri. Hakuna mama anayekataa kutaja majina ya watoto wake, hata ya marehemu. Akianza kuyataja humnyamazishi. Basi nitakuandikia majina tu, kwa hizi herufi za Kiarabu nilizokufundisha mwenyewe, na kando ya kila nyumba nitasema kama bibi analala humo. Kuhesabu uhesabu wewe, huko kwenye baridi, ambako mchawi wa Mangobo hana nauli ya kufika.

Watoto wa Nyota siwaandiki. Umeondoka hawajazaliwa, hujui majina yao, na hutayajua kwa karatasi. Wa kwetu hawaingii kwenye hesabu ya mtu. Usiniombe tena.

Na huyo profesa mwambie kwamba moto uliobaki jikoni ndio unaochemsha maji ya kumwogeshea mtoto. Ana mama, huyo? Mwambie amsalimie kwa niaba yangu.

Bibi yako na mke wako wa kwanza,
Kadidja


Liège, 20 Aprili 1964

Bibi yangu,

Salaam alaikum. Natumaini barua hii inakukuta na afya, wewe na Nyota na wote. Baridi imelegea huku, vidole vimerudi.

Majina yamefika, mtaa baada ya mtaa. Nimekuwa nikiyasoma kwa sauti, mpaka Benoît, kijana wa hapa tunayepakana vyumba, akanigongea na kuniuliza kama nasali. Nilimjibu ndiyo. Niliwaona wote wale akina mama, na masoko yao na vilio vyao.

Bibi, sikufichi. Nimehesabu, nimerudia, nimemwomba na Benoît ahesabu. Inatoka kinyume. Nyumba ambazo bibi analala humo ndizo zenye marehemu wengi. Nyumba zisizo na bibi, watoto wanaishi. Nimempelekea profesa kwa sababu siwezi kumficha matokeo. Akayatazama, akasema kwa upole, "Kumbe moto uliobaki unaunguza nyumba."

Sijui nifanye nini. Wananipa mwaka mmoja zaidi, ama nibadilishe kazi, ama nikubali kwamba nimekosea. Nimeona ni haki nikuambie, kwa sababu kazi ni yetu wawili.

Mjukuu wako,
Abdulhamid


Kisangani, 2 Juni 1964

Abdulhamid,

Salamu zako nimezipata. Afya yangu usiiulize.

Barua yako niliisoma mara moja, nikaikunja, nikaiweka chini ya mkeka wa kusalia. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira yangu unaijua. Halafu hasira ikaondoka ikaacha huzuni, nayo ni mbaya zaidi.

Kwa hiyo ni mimi ninayeunguza nyumba. Mtoto wa kwanza wa Nyota alifia mapajani mwangu. Nilifika jioni, kesho yake tukamzika. Muda wote huu nimejiambia kwamba nilichelewa kuitwa. Sasa watu waliosoma wamehesabu, na hesabu inasema labda ni mikono yangu.

Nikueleze ya wiki iliyopita. Nilikuwa uani napepeta mchele, nikasikia mtu anakohoa nyuma ya ukuta wa mabati. Anakohoa, ananyamaza, anakohoa tena. Nikajua ni Cyprien. Karani mzima wa reli, na kola yake nyeupe, amenipa mgongo anaongea na barabara: "Mama, mutoto mukubwa iko na moto sana. Ni surua. Nyota anasema ukuye." Nami nikaujibu ukuta: "Mi sikuyi. Mi ni mutu wa kuunguza nyumba za batu." Hakuelewa, maskini. Hakuondoka pia. Nikamsikia analia, mwanamume yule, analia huku amenigeuzia mgongo kwa heshima.

Nilijikaza mpaka adhuhuri. Kisha nikajitwika mkeka wangu kichwani nikaenda. Njia nzima wanawake wananiuliza, "Mama Kadidja, nani iko mugonjwa?" Wakiona mkeka wanajua, maana huku bibi haendi kulala nyumba ya mkwe wake ila kwa sababu ya homa. Homa ikiisha anakunja mkeka anarudi kwake, ili mwenye nyumba naye apate kulala kwake. Siku zote hizo Cyprien alilala kwa rafiki yake.

Mtoto amepona. Anakula lituma yake ya ndizi za kuponda na kuniomba sukari juu. Nimerudi nyumbani. Nyota ana mimba tena, na ameniomba nikae naye mpaka ajifungue. Nimekataa. Sitaki mikono hii iwe karibu na huyo anayekuja.

Watu wanasema waasi wanapanda kutoka upande wa Kivu na Maniema. Watu husema mengi.

Bibi yako,
Kadidja


Liège, 21 Juni 1964

Bibi! Bibi yangu!

Salaam alaikum, uzima uwe nawe, na huo mkeka wako Mungu aubariki. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama ngazini, na nilipofika kwenye ule mkeka nilipiga kelele hata Benoît akadhani nimerithi mali.

Nimekuwa mjinga, na ni ujinga wa mtu aliyezaliwa Mangobo akaisahau Mangobo. Niliuliza: bibi analala humo? Sikuuliza: alikuja lini, na kwa nini? Huku wazee wakikaa na binti yao wanakaa tu, kwa hiyo hata profesa hakushtuka. Lakini kwetu bibi anaitwa kwa homa! Upande mmoja niliweka nyumba ambazo mtoto alikuwa amekwisha kuugua, upande wa pili nyumba ambazo watoto ni wazima na hakuna sababu ya kumwita mtu. Ni sawa na kusimama hospitali, ukaona kila mgonjwa ana daktari kando yake, ukarudi nyumbani kutangaza kwamba madaktari ndio wanaoleta ugonjwa.

Hukuunguza kitu, Bibi. Ulichelewa kuitwa, kama ulivyojiambia. Nyota alipozaa yule wa kwanza, desturi ilikuweka ng'ambo ya mji, ukafika jioni ya mwisho. Mikono yako haina kosa, na hesabu yangu ndiyo iliyokuwa na kosa. Niliona hukuandika "mke wako" chini ya barua. Nisamehe.

Nakuomba mambo mawili. Pita tena katika zile nyumba uulize kama bibi aliingia kabla mtoto hajaugua, au baada. Hilo ni la shahada yangu. La pili ni kubwa kuliko shahada. Jitwike mkeka wako. Usingoje homa, usingoje Cyprien aje kukohoa ukutani. Nenda ukae kwa Nyota sasa hivi, wakiwa wazima. Cyprien akitaka kukimbia, akimbie.

Mume wako,
Abdulhamid


Liège, 1 Desemba 1964

Bibi,

Salaam alaikum. Mko wazima? Safari hii ninauliza kweli.

Tangu mwezi wa nane sina barua yako hata moja. Redio ilisema waasi wameteka mji, wiki iliyopita ikasema mji umekombolewa, na wanataja uwanja wa ndege na hoteli za wazungu. Hakuna redio inayotaja Mangobo. Nasikia waliwatafuta makarani na kila aliyeshika kalamu, wakisema ni watu wa serikali, na ninamwaza Cyprien na kola zake.

Kazi yangu nimeiacha mezani. Profesa alinikuta maktaba nimekaa bila kitabu, akaniuliza habari zenu, akaketi kando yangu muda mrefu. Si mtu mbaya.

Sijui kama barua yangu ya mwezi wa sita ilifika. Sijui kama ulijitwika mkeka. Nijibu hata neno moja.

Mjukuu wako,
Abdulhamid


Kisangani, 18 Aprili 1965

Mume wangu, roho yangu,

Futa machozi, vaa soksi, tuko hai. Nyota yuko hai, watoto wako hai, Cyprien yuko hai na anaongea sana. Mimi nimekonda, ila goti limepona. Msituni halikupata nafasi ya kuuma. Barua yako ya Desemba nimeikuta kwa Mwanahamisi. Kitu chochote chenye maandishi alikuwa anakifukia uani ndani ya chungu, na hiyo nayo aliifukia, ingawa hatari ilikuwa imepungua.

Ile ya mwezi wa sita ilifika kabla ya vita. Niliisoma, nikalia, halafu nikacheka mpaka majirani wakaja kuona. Siku ile ile nikajitwika mkeka. Wakaniuliza nani mgonjwa, nikawajibu, "Hakuna mugonjwa. Ninaenda kukaa." Nilipoingia kwa mlango wa mbele, Cyprien alitoka kwa dirisha. Bon, basi, nilikuwa pale. Unanisikia? Waasi walipoingia mjini na kuanza kutafuta makarani nyumba kwa nyumba, mimi nilikuwa ndani tayari. Siku ile hakuna ambaye angeweza kuvuka mji kuja kuniita. Ningebaki kwangu nikisikiliza bunduki.

Tulitoka na mtumbwi wa mjomba wa Cyprien, tukateremka mto kuelekea Yanonge. Cyprien tulimlaza chini kabisa, tukamfunika mikeka. Juu ya mikeka tulihitaji kitu kizito ambacho mtu hatakiondoa. Nyota alikuwa na mimba kubwa, watoto ni wepesi. Umekwisha kuelewa? Mtu ambaye tangu amwoe Nyota hajathubutu kunitazama usoni, nilimkalia! Nilimkalia mgongoni kwa uzito wangu wote, nikatandaza kanga, nikashika tasbihi.

Ukingoni waasi wakatusimamisha. Vijana, majani kichwani, macho mekundu. "Muko na mwanaume humu?" Nikawajibu, "Tuko banawake na batoto." Mmoja akaja karibu: "Simama, mama, tuone chini yako." Sasa, dawa yao ya kuzuia risasi ina miiko, na mji mzima tulikuwa tunaijua. Mpiganaji akiguswa na mwanamke, dawa inaharibika na risasi zinampata. Nikamnyooshea mikono yote miwili. Nikamwambia, "Goti yangu imekufa, mwanangu. Kuya uniinue." Akarudi nyuma. Nikamgeukia mwenzake. "Na wewe, baba? Kuya unishike." Wakatazamana, kisha wakatusukuma kwa mti wa mkuki, tukaenda zetu. Chini yangu nilihisi mtu anatetemeka, au labda nilikuwa mimi. Niliogopa, Abdulhamid.

Tulijificha msituni nyuma ya Yanonge mpaka mwezi wa tatu. Mwanzoni Cyprien alikuwa analala nje kwenye mvua, kwa sababu mimi nimo kibandani. Nikamwita. "Mama, mi siwezi," akasema, "wewe ni bokilo yangu, mama mukwe." Nikamwambia baada ya ule mtumbwi hakuna bokilo aliyebaki. Lakini kwao mwiko ukivunjwa lazima mtu alipe, na hapo tukagombana: yeye anasema nilipe mimi niliyekalia, mimi nasema alipe yeye aliyepata kiti cha kujifichia. Nyota alicheka mpaka akashika tumbo. Mwishowe Cyprien akavua samaki mkubwa, akaniletea kwa mikono miwili, nikamla mbele yake nikamwachia kichwa. Mwiko ukaisha. Tangu siku hiyo hanyamazi. Amenieleza reli yote mpaka Ubundu, kituo kwa kituo, na sikumwuliza.

Nyota alijifungua mwezi wa kumi, mikononi mwangu. Homa ikamshika, maziwa yakakauka. Hapo ndipo nilipomkumbuka profesa wako. Kama ningekuwa bado nazaa, ningekuwa na wangu wa kunyonyesha, na huyu ningemtazama tu kwa huruma. Lakini mgongo wangu ulikuwa mtupu. Nikamfunga hapo. Niliokota viwavi na uyoga, niliiba ndizi katika mashamba yaliyokimbiwa, nikazichemsha na kuziponda mpaka zikawa kama maji mazito, nikamlisha kwa ncha ya kidole, asubuhi mpaka jioni, mpaka mama yake akapata nguvu na maziwa yakarudi. Leo ana mashavu.

Viberiti vilikwisha mapema. Kila tulipohama niliubeba moto mwenyewe, kwenye chungu cha majivu. Haukuzimika hata mara moja, mwambie.

Tumerudi na mtoto mwingine, Odile. Mama yake, Agathe, alikuwa jirani yetu huko msituni, akafariki. Si damu yetu na dini yake ni ya misioni. Nilimchukua tu. Kwa nini, mwulize profesa wako, mimi sina muda.

Maswali yako niliyapitisha nyumba kwa nyumba kabla ya vita. Karatasi ilikaa kwenye mfuko wa tasbihi msituni miezi yote. Imelowa, lakini herufi zinasomeka. Ni hii.

Bibi yako, na mke wako wa kwanza ambaye bado hujamwacha,
Kadidja


Liège, 3 Julai 1965

Mke wangu Kadidja,

Salaam alaikum, na hali zenu nitaziuliza mwishoni kwa sababu neno hili limekataa kungoja: tumeshinda!

Karatasi yako ilinitosha. Nilizitenga nyumba upya, waliokuja kwa homa kando, waliokuwepo kabla ya homa, wale wachache wasiofuata ile desturi, kando. Ikageuka, Bibi. Pale ambapo bibi alikuwa ameketi nyumbani tangu watoto ni wazima, waliobaki hai ni wengi kuliko kwingine kote, wengi kuliko hata nyumba zile zisizo na bibi ambazo zilinitia aibu mwaka jana.

Siku ya kutetea nilivaa suti ya Benoît. Walimu walinibana kweli. Mmoja akasema labda nyumba zenye bibi zina chakula zaidi. Nikamwonyesha kwamba ni mitaa ile ile, ni kazi zile zile, ila nikakubali kwamba chakula sikukipima. Mwingine akaniuliza nyumba chache za commune moja tu ya mji mmoja zinathibitisha nini kuhusu binadamu wote. Nikajibu hazithibitishi. Nikasema zinaonyesha kwamba swali hili lilifungwa kabla ya mtu yeyote kwenda kuuliza, na mimi nimelifungua.

Kisha profesa akainua ile karatasi yako, na madoa yake ya maji, akataka kujua imeandikwa nini. Nikamsomea. Nilisoma majina, walio hai na marehemu, nyumba kwa nyumba, kwa sauti uliyonifundishia kusoma. Hakuna aliyekohoa. Nilipomaliza nikawaambia karatasi hiyo ilikaa wapi wakati wa vita, na aliyeibeba alikuwa amebeba nini kingine mgongoni.

Profesa akasimama. Sijawahi kumwona akisimama kwa mwanafunzi. Akasema, "Nilifundisha kwamba moto huu unawaka kwa sababu hakuna aliyeuzima. Sikuuliza unampikia nani." Wakanipa daraja la juu kabisa, na darasa lile lile lililocheka likapiga makofi. Nililia mbele yao wote, na sioni haya.

Kuhusu Odile nilimwuliza. Alikuna kichwa. Akasema hilo ni la kazi nyingine kabisa, na kwamba angependa niifanye mimi. Nimemjibu nitaifanya, lakini nikiwa nyumbani. Narudi mwezi wa tisa.

Sasa, hamjambo? Nyota, Cyprien, goti? Na wale wadogo, maana nimesoma majina ya watoto wa mji mzima isipokuwa yao? Sikuombi. Nimeelewa.

Mume wako,
Abdulhamid


Kisangani, 30 Julai 1965

Mume wangu Abdulhamid,

Wa alaikum salaam. Goti limeanza tena, kwa hiyo ujue amani imerudi. Nyota anakusalimu kwa machozi.

Barua yako aliisoma Cyprien kwa sauti uani, maana herufi zetu nilimfundisha msituni, tumeketi mkeka mmoja, mimi na yeye. Mwanahamisi alikuwepo. Alipofika pale uliposoma majina, Mwanahamisi akamkatiza: "Na ya bangu? Aliyasoma ya bangu?" Cyprien akasema yote. Yule mama alipiga vigelegele mpaka mtaa wa tatu. Wakaja wengine, wakaanza kukumbushana majina ya watoto wao, hata ya marehemu, wanasema yametajwa Ulaya na wazungu wakakaa kimya kwa heshima. Tulipika samaki na sombe ya majani ya muhogo. Watu walikula mpaka waliobaki nje wakaletewa sahani.

Profesa wako msalimie. Mwambie namsamehe, ila si yote.

Jambo moja limebaki. Nilikuwa nawaficha hawa watoto kwa sababu ya kuogopa. Lakini vita viliwatafuta mtoni na msituni, na njaa nayo ikawatafuta, na hakuna kilichowapata. Karatasi itawafanya nini? Basi pokea:

Juma, yule wa surua. Ana meno mapya mbele na anauliza kama ndege yako itapita juu ya nyumba.

Safi, anayeniiga ninavyotembea, pamoja na mguu wangu mbovu.

Faraji, wa msituni. Anacheka akiona moto.

Na Odile, ambaye jana aliniita Bibi mbele za watu, kwa hiyo ni wa kwetu na imekwisha.

Haya, mume wangu. Wahesabu. Kwa sauti.

Mke wako wa kwanza,
Kadidja